Kitanda Salama cha Mtoto Mchanga: Mambo ya Kuzingatia Wakati wa Kukichagua, Kukitengenezesha na Kukitandika

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika mwaka wa kwanza wa maisha yake, mtoto hulala kwa nusu ya siku au zaidi. Kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna anayemtazama: mama amepumzika, anapika, anafua au amerejea kazini. Kwa sababu hiyo, kitanda ni miongoni mwa vifaa vichache vya nyumbani ambavyo mtoto huachwa navyo peke yake kwa saa nyingi, akiwa katika umri ambao hawezi kujinasua akibanwa wala kuondoa kitu kilichomziba pua.

Pamoja na ukweli huo, vitanda vya watoto huchaguliwa zaidi kwa rangi, mapambo na bei. Mnunuzi hupima urefu wa kitanda ili kujua kama kitaingia chumbani, lakini ni nadra kupima nafasi iliyopo kati ya ufito mmoja na mwingine. Makala haya yanaeleza vipimo na taratibu ambazo mzazi, mlezi au fundi seremala anaweza kuvifuata ili mtoto alale salama, yawe ni makazi ya mjini yenye kitanda cha dukani au kaya ya kijijini isiyo na kitanda cha mtoto kabisa.

Usalama wa mtoto ni miongoni mwa maeneo matano yanayosimamiwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021. Maeneo mengine ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja na 33 kabla ya kutimiza mwaka. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi, mambo ambayo hushughulikiwa zaidi katika vituo vya kutolea huduma za afya. Mahali pa kulala, kwa upande wake, pako mikononi mwa familia yenyewe tangu siku mama anaporudi nyumbani.

Kwa nini mtoto mchanga yuko hatarini anapolala

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na misuli ya shingo yake bado ni dhaifu. Uso wake ukizama katika mto au godoro laini, hana nguvu za kuuinua. Huendelea kuvuta hewa ileile aliyoitoa, yenye kabonidioksidi nyingi na oksijeni kidogo, na anaweza kupoteza uhai bila kulia. Ndiyo maana matukio ya namna hii hutokea kimya, hata kama wazazi wako chumba hichohicho.

Aidha, kuna kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, ambacho hutokea usingizini na chanzo chake hakionekani hata baada ya uchunguzi. Hatari yake huwa kubwa zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na hupungua sana baada ya miezi sita. Sababu zake hazijafahamika zote, lakini mambo yanayoiongeza yanajulikana: kumlaza mtoto kifudifudi, kumlaza juu ya kitu laini, kumfunika hadi akapata joto kupita kiasi, na moshi wa sigara.

Nchi zilizowaelekeza wazazi kuwalaza watoto chali zilipata mafanikio makubwa. Uingereza ilianza kampeni hiyo mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994. Katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, bila dawa mpya wala mashine, kwa kubadilisha tu namna ya kumlaza mtoto.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto akilala chali atapaliwa anapocheua. Maumbile ya koo yanaonesha kinyume chake. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hulazimika kupanda ili kuingia kwenye njia ya hewa. Anapolala kifudifudi, mpangilio huo hugeuka. Kumlaza ubavu nako hakushauriwi, kwa kuwa mtoto hubiringika kwa urahisi hadi kulala kifudifudi.

Vipimo vya kumpa fundi

Vitanda vingi vya watoto nchini hutengenezwa na mafundi seremala wa mitaani, katika maeneo kama Keko jijini Dar es Salaam na karakana za kila mji. Kitanda cha namna hiyo huwa imara na hugharimu kulingana na mfuko wa mnunuzi, lakini hakiji na karatasi ya maelekezo. Hivyo ni wajibu wa mnunuzi kumpa fundi vipimo, na kuvihakiki kwa futi kabla ya kulipa kiasi kilichobaki.

Kipimo cha kwanza ni nafasi kati ya fito za ubavuni. Viwango vya Marekani vinataka nafasi hiyo isizidi sentimita 6, sawa na inchi 2 na robo tatu ya nusu inchi, na vile vya Ulaya vinataka iwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Fundi akifuata sentimita 4.5 hadi 6 atakuwa ametimiza matakwa ya pande zote mbili. Sababu ni kwamba mwili wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko kichwa chake. Nafasi ikiwa pana, miguu na kiwiliwili hupenya, kisha kichwa hukwama na mtoto huning'inia kwa shingo. Ufito mmoja ukivunjika au ukikosekana, nafasi inayobaki huwa mara mbili ya inayokubalika. Kitanda kisitumike hadi ufito huo urudishwe.

Kipimo cha pili ni kina. Chaga zikiwa katika ngazi ya chini, kutoka juu ya godoro hadi ukingo wa juu wa kitanda pasipungue sentimita 50. Kina hicho humzuia mtoto aliyekwisha kujifunza kusimama asipinduke na kuanguka. Kitanda chenye ngazi mbili za chaga kinamfaa mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwa kuwa katika wiki za mwanzo hatalazimika kuinama sana. Hata hivyo, chaga zishushwe mara mtoto anapoanza kuinuka kwa mikono au kukaa.

Kipimo cha tatu ni nguzo za pembeni. Vichwa vya nguzo viwe sawa na ukingo wa kitanda, bila mapambo yanayochomoza juu kama mipira au ncha. Nguo ya mtoto ikinasa kwenye ncha hiyo wakati anapoteleza kushuka, humkaba shingo. Kwa sababu hiyohiyo, vitakizo visiwe na michoro iliyotobolewa ambayo kichwa, mkono au kidole cha mtoto kinaweza kuingia na kukwama.

Fundi aelekezwe pia kuunga mifumbati na vitakizo kwa bolti na nati, au kwa kuchomeka mbao ndani ya mbao na kutia gundi, badala ya kutegemea misumari peke yake. Msumari hulegea kadiri mtoto anavyotikisa kitanda, na ncha yake huweza kutokeza upande wa ndani. Chaga ziwe zimekazwa ili zisihame. Chaga moja ikiponyoka, godoro huinama upande mmoja na mtoto hubiringika hadi kwenye pembe.

Mbao na rangi

Mninga, mkongo, msaji na paini hufaa, mradi mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi husinyaa baada ya miezi michache, viungo hulegea na nafasi kati ya fito huongezeka. Zipigwe msasa pande zote, pamoja na sehemu za chini ambazo mnunuzi hazioni, kwa sababu mkono wa mtoto utafika huko.

Tahadhari kubwa inahitajika kuhusu mbao za dawa, yaani zile zenye rangi ya kijani kibichi zinazotumika kwenye kenchi za nyumba. Mbao hizo huzuia mchwa vizuri, lakini dawa inayotumika mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nchini Marekani, matumizi ya dawa hiyo kwenye mbao za makazi, zikiwamo za vifaa vya michezo ya watoto, yalisitishwa mwishoni mwa mwaka 2003. Baadhi ya mafundi hutumia vipande vilivyobaki kwenye ujenzi ili kupunguza gharama, kisha huvipaka rangi. Mzazi aombe kuziona mbao kabla hazijapakwa chochote.

Kuhusu rangi, jambo la kuzingatia ni madini ya risasi. Mtoto anapoanza kuota meno, kwa kawaida karibu na miezi sita, hutafuna ukingo wa kitanda kila anaposimama au kukaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba madini hayo huathiri ubongo wa mtoto kwa namna isiyorekebishika. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni ya rangi iliyokauka. Mnunuzi atafute kopo lenye maelezo kwamba rangi haina risasi pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), alipeleke mwenyewe kwa fundi, na asikubali rangi iliyomiminwa kutoka kopo lisilo na jina. Kitanda kilichopakwa rangi au vanishi kikae mahali penye hewa hadi harufu iishe kabisa kabla mtoto hajalazwa.

Kitanda cha mtumba na cha kurithi

Kurithishana kitanda ndani ya ukoo ni jambo la kheri, na vitanda vya mtumba kutoka nje ya nchi vimewasaidia wengi. Hata hivyo, kitanda kinaweza kuwa kimetufikia baada ya kuondolewa sokoni huko kilikotoka. Mfano ulio wazi ni vitanda ambavyo ubavu wake mmoja hushuka na kupanda kwa reli. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ilihusisha vifaa vya ubavu wa aina hiyo na vifo vya watoto wachanga wasiopungua 32 tangu mwaka 2000, na kuanzia tarehe 28 Juni 2011 utengenezaji na uuzaji wake ulipigwa marufuku nchini humo. Kasoro ilikuwa katika vishikizo vya plastiki: vilipochakaa, ubavu uliachia upande mmoja na kufanya mwanya ambao mtoto alitumbukia na kubanwa.

Anayepewa au kununua kitanda kilichotumika afuate hatua nne. Kwanza, akitikise kwa nguvu ili kuona kama kimelegea. Pili, ahesabu bolti na nati zote, na pale zinapokosekana anunue nyingine za kipimo kilekile. Waya na kamba si mbadala. Tatu, iwapo ubavu unashuka, amwombe fundi aukaze kwa bolti pande zote mbili ili usishuke tena, na kama haiwezekani, kitanda hicho kisitumike kwa mtoto. Nne, apime nafasi za fito kama ilivyoelezwa hapo juu.

Kitanda cha zamani huweza kuja na kunguni. Kioshwe kwa maji yanayochemka kwenye viungo na nyufa, kisha kianikwe juani. Viuatilifu vya kupulizia visitumike kwenye sehemu ambazo mtoto atashika au kutafuna.

Godoro

Godoro la mtoto mchanga ni lazima liwe gumu na bapa. Kipimo chake ni rahisi: ligandamize katikati kwa kiganja, kisha uondoe mkono. Likirudi hapohapo bila kuacha alama, linafaa. Likibaki na bonde, halifai, hata kama ni jipya na mtu mzima analiona kuwa la starehe. Godoro la sponji nzito lenye alama ya ubora ya TBS hutosha. Godoro la sufi au la pamba iliyokandamana halifai, kwa kuwa hufanya mabonde.

Godoro lijae kitanda barabara. Mwanya kati ya godoro na ubavu ukiruhusu kuingiza vidole viwili na nafasi ikabaki, godoro ni dogo. Kuziba mwanya huo kwa nguo au mito si suluhisho, kwa sababu nguo hizo ndizo mtoto atakazozivuta usoni. Njia salama ni kuagiza sponji ikatwe kwa kipimo cha ndani cha kitanda. Unene wa sentimita 10 unatosha. Godoro nene zaidi hupunguza kina cha kitanda.

Karatasi ya nailoni ambayo godoro hufungiwa kiwandani iondolewe yote. Familia nyingi huiacha ili kulinda godoro dhidi ya mkojo, lakini nailoni hiyo nyepesi hujikunja, hupasuka na huweza kunasa kwenye pua na mdomo wa mtoto. Ulinzi upatikane kwa mpira mzito wa kutandika uliokazwa chini ya godoro, juu yake ikatandikwa shuka moja.

Kitanda kitupu ndicho kitanda salama

Hapa ndipo mila, upendo na usalama hugongana. Mtoto anapozaliwa, ndugu na marafiki huleta mito, mablanketi mazito, mito ya kuzungushia ubavuni na midoli. Vyote huwekwa kitandani kama ishara ya mapenzi. Kwa upande wa usalama, kitanda cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja kinahitaji vitu viwili tu: godoro gumu, na shuka iliyobana pande zote.

Mto hauhitajiki. Kimto kinachotumiwa kuunda kichwa cha mtoto hakifai wakati amelala bila kuangaliwa. Kichwa kilichobapa upande mmoja hurekebika kwa kumlaza mtoto kifudifudi akiwa macho, mbele ya mlezi, mara kadhaa kwa siku. Mito ya kuzungushia ubavuni ilipigwa marufuku na sheria nchini Marekani mwaka 2022, pamoja na vitanda vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, kwa sababu mtoto huweza kukosa hewa akiegemea mito hiyo, au kidevu chake kikashuka kifuani na kuziba njia ya hewa.

Joto la mtoto litokane na nguo zake. Mtoto wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar wakati wa kiangazi hahitaji zaidi ya nguo moja nyepesi. Kwa mtoto wa Njombe, Makete au Lushoto wakati wa baridi, aongezewe nguo inayobana mwili badala ya kulundikiwa mablanketi. Mzazi amguse kifuani au nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, amefunikwa kupita kiasi. Baridi ya vidole pekee si kipimo. Inapolazimu kumfunika, kanga au shuka nyepesi moja ipite kifuani, chini ya kwapa, na ichomekwe chini ya godoro pande tatu, huku miguu ya mtoto ikiwa karibu na kitakizo cha chini ili asiteleze kuingia ndani yake. Anayemviringisha mtoto katika kanga aache kufanya hivyo mara tu mtoto anapoonesha dalili za kujigeuza.

Shanga, uzi, hirizi au kamba ya nyonyo iliyovaliwa shingoni iondolewe kila mtoto anapolazwa. Kwa familia zinazoheshimu desturi hizo, jambo hili lizungumzwe na wazee mapema, kwa staha, kabla mtoto hajazaliwa.

Chandarua

Katika nchi yetu kitanda cha mtoto hakijakamilika bila chandarua chenye dawa ya muda mrefu. Mjamzito hupewa chandarua katika hudhurio lake la kwanza kliniki, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya kwanza ya surua na rubela akiwa na miezi 9. Chandarua kipya kitundikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

Chandarua kining'inizwe juu vya kutosha ili kisimguse mtoto, kiwe na urefu wa kuchomekwa chini ya godoro pande zote, na kikazwe ili kisianguke juu ya uso wake. Kamba ya kukifungia iwe mbali na mikono ya mtoto. Vyandarua vidogo vya kukunjua mfano wa mwavuli ni rahisi kutumia mchana, lakini mara nyingi havina dawa, na mtoto anayeanza kujigeuza huweza kuviangusha.

Mahali pa kuweka kitanda

Inashauriwa kitanda cha mtoto kiwe katika chumba cha wazazi, karibu na kitanda chao, angalau kwa miezi sita ya kwanza. Mpangilio huo hupunguza hatari ya kifo cha ghafla na humrahisishia mama kunyonyesha usiku.

Kitanda kiwe mbali na dirisha, pazia, nyaya za umeme, soketi na feni ya mezani. Visiwepo juu yake picha nzito, rafu au kabati lisilofungwa ukutani. Mtu yeyote asivute sigara ndani ya nyumba anamolala mtoto.

Katika mikoa ya baridi, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Jambo hilo lisifanyike kamwe. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kabonimonoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua wote waliomo chumbani wakiwa usingizini.

Familia isiyo na kitanda cha mtoto

Kaya nyingi hazina nafasi wala fedha ya kununua kitanda cha pili, na mtoto hulala na mama. Kwa kaya hizo ushauri ni kupunguza hatari. Godoro liwe gumu, mito na mablanketi yakae mbali na mtoto, na mtoto alale chali upande wa mama, mahali ambapo hawezi kuanguka wala kubanwa ukutani. Asilazwe kati ya watoto wenzake. Mzazi aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyetumia dawa zinazoleta usingizi asilale kitanda kimoja na mtoto. Kusinzia na mtoto kwenye kochi ni hatari zaidi kuliko kitandani, kwa sababu mtoto hutumbukia kati ya mlezi na mto wa kochi.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo yuko katika hatari kubwa zaidi. Mama yake afuate maelekezo ya kituo cha afya kuhusu malezi ya kangaruu na namna ya kumlaza.

Usalama hauhitaji gharama kubwa. Tangu mwaka 1938 Serikali ya Ufini imekuwa ikiwapa akina mama boksi lenye mahitaji ya mtoto, ambalo ndani yake lina godoro dogo, na mtoto huweza kulala humo. Funzo lake ni kwamba sehemu bapa, ngumu na tupu, yenye kingo imara, humtosha mtoto katika miezi ya mwanzo. Karai la plastiki, kapu linaloyumba au kiti cha gari havikidhi sifa hizo kwa usingizi wa usiku.

Kila anayemlaza mtoto ajue

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa kuwa sehemu ya likizo hiyo huweza kuanza kabla ya kujifungua, mama wengi hurudi kazini mtoto akiwa na umri wa miezi miwili hadi mitatu. Huo ndio umri ambao hatari ya kifo cha ghafla huwa katika kilele chake, na ndio wakati mtoto hukabidhiwa kwa bibi, shangazi au dada wa kazi.

Mtoto aliyezoea kulala chali, kisha akalazwa kifudifudi na mlezi mpya asiye na taarifa, huwa katika hatari zaidi. Hivyo mama atenge siku kadhaa kabla ya kurudi kazini kumwelekeza mlezi kwa vitendo: namna ya kumlaza, namna ya kuchomeka chandarua, na vitu ambavyo havipaswi kuwapo kitandani. Bibi aliyelea watoto wengi kwa namna nyingine aelezwe sababu kwa heshima, kwa kuwa maelekezo bila sababu hayadumu. Ni vyema pia mlezi aambatane na mama kliniki walau mara moja ili asikie mwenyewe kutoka kwa mtoa huduma.

Mtoto anapokua

Mtoto anayeweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili haina haja ya kumrudisha kila anapogeuka. Alazwe chali mwanzoni, kisha aachwe alale apendavyo katika kitanda kitupu. Bolti zikazwe kila mwezi. Mtoto anapofikisha urefu wa takriban sentimita 90, au anapojaribu kupanda ukingo, muda wa kitanda hicho umekwisha, na ahamishiwe kitanda kifupi au godoro la chini lenye chandarua.

Haki ya mnunuzi na mahali pa kupata ushauri

Mnunuzi adai risiti na aihifadhi. Bidhaa inayotiliwa shaka kuhusu ubora iripotiwe TBS, na udanganyifu katika mauzo uripotiwe Tume ya Ushindani (FCC), inayomlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa upande wa Zanzibar, wananchi wawasiliane na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Ushauri kuhusu afya na usingizi wa mtoto hutolewa katika kliniki ya mama na mtoto, kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa kupiga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya.

Kabla ya kumlaza mtoto usiku wa leo, mzazi au mlezi anaombwa kujiuliza maswali matano: Je, mtoto yuko chali? Je, godoro ni gumu na limejaa kitanda? Je, kitanda ni kitupu, bila mto, midoli wala blanketi zito? Je, chandarua kimechomekwa pande zote? Je, kila atakayemlaza kesho anayajua haya? Swali litakalokosa jibu la ndiyo linaweza kurekebishwa usiku huuhuu, na kwa sehemu kubwa bila kutumia hata shilingi moja.